Tahariri: Herufi moja inaweza kuumiza mtu, na kicheko kinaweza kumnyamazisha

Jioni moja, katika grupe ya WhatsApp ya kartie yetu hapa Goma, mama mmoja aliandika hivi: « Kijana motari ya kofia nyekundu ameibia pikipiki hapa chini ya soko, mufike mbio. » Dakika chache kiisha, vijana zaidi ya kumi walikuwa barabarani. Wengine walibeba fimbo. Walimkuta kijana wa kofia nyekundu amekaa kando ya barabara, damu ikimtoka puani, wakamzunguka. Kama isingekuwa mzee mmoja wa nyumba kumi mwenye alimjua na kupaza sauti, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine kabisa. Mzee alisema: « Muache! Huyu ndiye ameibiwa. »

Mama alitaka kuandika « ameibiwa ». Herufi W ilibaki kwenye kidole chake. Ujumbe wake wa pili, wenye kuomba watu wamsaidie kijana na kumpeleka kwenye kituo cha afya, ulifika nyuma ya robo saa, juu ya réseau mbaya.

Kesho yake grupe iligawanyika. Wamoja waliandika: « Mutu asiyejua kuandika anyamaze. » Wengine wakajibu: « Hapa si masomo, ya lazima ni kuelewana tu. » Wakaweka picha za kuchekesha, wakachukua sentensi ya yule mama na kuizungusha mpaka kwenye grupe zingine. Kabla jua halijazama, alikuwa ametoka kwenye grupe.

Wiki chache zikapita. Kwenye avenyi yake robine ilikauka, watu wakaanza kuchota maji ya ziwa bila kuyatia dawa, na watoto wa nyumba mbili wakashikwa na kuhara. Sisi wengine tulijua habari hiyo siku tano nyuma, kutoka kwa mtu mwenye alipita tu. Nilimkuta yule mama nikamuuliza kwa nini hakutuandikia, ao kumwambia mtu aandike. Alinijibu: « Mi tena? Banicheke tena? »

Ndugu msomaji, ukiweka habari hizi mbili pamoja utaona kwamba ubishi wa grupe yetu ulikuwa umeanza vibaya. Wenye kusema kwamba kuandika vizuri hakuna maana wamesahau kijana wa kofia nyekundu. Wenye kusema kwamba asiyejua kuandika anyamaze wamesahau watoto wa ile avenyi. Ukurasa huu unasema kwamba namna ya kuandika ina maana, hata kwenye mazungumzo ya kila siku, lakini si kwa sababu ile wenye kucheka wanafikiri.

Kwanza tuulizane: kosa ni nini? Kwetu wengi wanaita kosa kila kitu ambacho hakifanani na Kiswahili cha Dar es Salaam ao cha televisheni ya Kenya. Mtu akiandika « mutoto », « inchi », « ao », « batu », « niko naenda », anaambiwa hajui Kiswahili. Hapo kuna kusahau historia. Kiswahili chenye kuitwa sanifu kilitengenezwa na kamati iliyoundwa mwaka wa 1930 kwa ajili ya inchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Walichagua msemo wa Unguja kuwa msingi. Congo haikuwa kwenye meza hiyo. Tulikuwa chini ya Wabelgiji. Kiswahili chetu kilikuwa tayari kimeingia na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikakua sokoni, kwenye misioni, kwenye migodi ya Katanga, na katikati ya watu wenye kuzungumza Mashi, Kinande, Kihunde, Kirega na lugha zingine nyingi. Hakuna mtu mwenye alikaa siku moja akakiharibu. Kilikuwa na njia yake.

Kwa hiyo « mutoto » si kosa la kuandika. Ni namna neno linavyotamkwa kutoka Bunia mpaka Lubumbashi, na kila mtu huku analielewa. Ukurasa huu wenyewe unaandika « inchi » na « ao » kila siku, na hatujapokea barua ya mtu mwenye alipotea njia juu ya hayo. Anayemcheka mama wa Bukavu kwa « mutoto » hamfundishi kitu. Anamwambia tu kwamba kinywa cha nyumbani kwao hakina thamani.

Lakini kuna makosa mengine, na hayo hayatoki kwenye tofauti ya inchi. Hayo yanabadilisha maana palepale Goma, palepale Butembo, kati ya majirani wenye lugha moja. Tuyaangalie vizuri, kwa sababu ndiyo yenye kutuhusu.

La kwanza ni lile la kijana wa pikipiki: nani alitenda na nani alitendwa. Katika lugha yetu, kipande kidogo ndani ya neno kinatenganisha mwizi na mwenye kuibiwa. « Ameua » na « ameuawa » zinatofautiana kidogo sana, na wengi wetu tunaandika « ameuwa » kwa zote mbili. Katika mji wenye watu wamechoka na wezi wa usiku, na wenye haki ya umati inaweza kuanza kwa sauti moja tu, kipande hicho kinaweza kubeba uhai wa mtu. Kiswahili cha kwetu kina njia yake nyepesi: sema « wamemuua », sema « wamemwiba pikipiki yake ». Hakuna mwenye atakosa kuelewa, na hauhitaji kuwa mwalimu kwa kuandika hivyo.

La pili ni alama ndogo tunazoziacha. Huku kwetu neno « hapana » linafanya kazi mbili. Linajibu ulizo, na tena linakataza: « hapana kupita », « hapana kunywa ». Sasa mtu aulize kwenye grupe: « Tubaki nyumbani? » na mwingine ajibu: « Hapana kukimbia. » Amesema tusikimbie? Ao amesema hapana, tukimbie? Koma moja ingemaliza ulizo. Kwa watu wenye wamekimbia vita zaidi ya mara moja, hili si fumbo la darasani.

La tatu ni L na R. Wengi wetu lugha ya mama haitenganishi sauti hizo mbili, basi tunaandika « kura » na « kula » kama neno moja. Mara nyingi tunacheka na kuendelea, na ni haki kucheka, kwa sababu siku za uchaguzi kuna wenye wanafanya kana kwamba maneno hayo mawili ni kitu kimoja kweli. Lakini weka neno hilo kwenye tangazo la mkutano wa kartie, na nusu ya watu watakuja na sahani.

La nne ndilo lenye kutusumbua zaidi, na hakuna mwalimu mwenye kuliwekea wino mwekundu: « leo ». Ujumbe unasema « leo usiku wanaingia », « leo daraja limefungwa ». Leo gani? Ujumbe huo unaweza kuzunguka siku nne, na kila anayeusoma anafikiri ni leo yake. Tunaokaa Goma tunakumbuka volkano Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na siku ya 27 Mei wakubwa wa mkoa walipotangaza kwamba wakaaji wa kartie 10 wahame. Kati ya siku hizo mbili na nyuma yake, telefone zilijaa ujumbe wa « leo usiku » na « sasa hivi », bila tarehe, bila saa, bila jina la mwenye alisema. Watu wengine walihama mara mbili. Wengine walichoka kuamini, wakakataa kuhama hata pale tangazo la kweli lilipotoka.

Sasa geuza ukurasa. Kuna mahali ambapo kosa la kuandika halina uzito wowote, na tunapaswa kulisema bila haya. Mtu akikuandikia « slt, cv? » asubuhi, amekusalimia. Akiandika « mrc » amekushukuru. Vifupisho hivyo vilizaliwa wakati SMS ilikuwa na nafasi ya herufi 160 tu na kila ujumbe ulikata initi. Leo tunahesabu mega, lakini mkono umezoea. Telefone yenyewe mara nyingi imewekwa katika Kifaransa, basi unaandika « pole » nayo inakutilia kofia juu ya o, unamtumia mwenye kufiwa neno lenye kutaja ncha ya dunia. Mwenye kufiwa anajua unasema nini. Kumrudishia mtu salamu yake na kosa limepigiwa mstari ni ukosefu wa heshima, na wazee wetu wangekuwa na jina lingine kwa tabia hiyo.

Tukubali pia kwamba kicheko hiki hakigawanywi sawasawa. Tajiri wa kartie akiandika vibaya, tunasema alikuwa na haraka. Mama wa soko ao motari akiandika vibaya, tunasema hajasoma. Na mara nyingi kicheko kinakuja hasa pale mtu anapouliza ulizo lenye kuuma. Niliona katika grupe moja mtu akiuliza makuta ya mchango wa robine yamefika wapi. Jibu lilikuja mbio: « Kwanza ujifunze kuandika. » Grupe nzima ikacheka, na ulizo la makuta likafa hapo. Wapenzi wasomaji, anapotokea mtu wa kusahihisha herufi wakati mwenzake anauliza hesabu, angalieni vizuri mkono wake uko wapi.

Ni nani mwenye angekuwa amejifunza kuandika Kiswahili vizuri, na wapi? Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha ya kazi za serikali, na Kikongo, Kiswahili, Lingala na Tshiluba ni lugha za taifa zenye inchi inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Sheria ya elimu ya 2014 nayo inazipa lugha zetu nafasi ya kufundishia watoto wadogo. Kwenye karatasi ni vizuri. Kwenye masomo mengi ya hapa, mtoto anakutana na Kifaransa mapema, na Kiswahili kinabaki lugha ya kuchezea nje wakati wa mapumziko. Mimi mwenyewe nilisoma uandishi wa habari kwenye chuo kikuu miaka yote kwa Kifaransa. Sikupewa hata saa moja ya kujifunza kuandika habari kwa Kiswahili, lugha yenye nafanyia kazi leo. Nilijifunza kwa kukosea mbele ya wasikilizaji na wasomaji. Walionisaidia ni wale walionipigia simu kwa upole: « Mwanetu, pale ulisema hivi, tulielewa vile. » Wenye walinicheka hawakunifundisha kitu.

Basi mtu mwenye aliishia darasa la tatu juu ya vita ao juu ya makuta ya masomo, na leo anajaribu kuandika ujumbe kwa kidole kimoja kwenye telefone ya kioo kilichopasuka, amefanya kazi kubwa. Wengi wa aina yake wamekimbilia audio. Audio ni nzuri, inabeba sauti na machungu. Lakini audio ya dakika sita haisomwi mbio, haitafutwi kesho, inakula mega, na mwenye kuwa katikati ya watu hawezi kuisikiliza. Tukiwafukuza watu kwenye maandishi kwa aibu, tunapoteza habari zao.

Kuna funzo lingine la Ebola, lile la 2018 mpaka 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambalo lilichukua watu zaidi ya 2.200. Watafiti wa shirika la Translators without Borders waliuliza watu wa huku kuhusu karatasi na matangazo yaliyokuwa yakigawanywa. Walikuta kwamba mengi yalikuwa kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili ambacho si kile watu wanasema nyumbani, na kwamba maneno mengine hayakueleweka ao yalieleweka kwa namna nyingine. Fikiria: karatasi isiyo na kosa hata moja la herufi, na mama mwenye kuihitaji haelewi. Usahihi wenye kusahau msomaji ni kosa pia, na wakati wa ugonjwa ni kosa la bei kubwa.

Tena uongo unaweza kuandikwa bila kosa. Tumeona matangazo ya bandia yenye muhuri, yenye Kifaransa cha kupendeza, yakiaminiwa na watu wenye diploma. Pembeni yake ujumbe wa kweli wa jirani, wenye makosa manne, unatupwa: « huyu hata kuandika hajui. » Tukifanya tahajia kuwa kipimo cha ukweli, wenye kudanganya watanunua mwandishi mzuri, na sisi tutawapigia makofi.

Kuna wenye watatuambia: inchi yetu imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO umekipa Kiswahili siku yake, tarehe 7 Julai, na sisi tutaonekana namna gani mbele ya majirani? Ni ulizo zuri. Kijana mwenye kutafuta kazi Arusha ao kuandika mkataba na mfanyabiashara wa Kampala anahitaji Kiswahili sanifu, na tunamtia moyo akijifunze kwa bidii. Anayeandika habari, sisi wa kwanza, anapaswa kusoma tena sentensi yake kabla ya kuitoa, maana sisi tunalipwa kwa kazi hiyo na hatuna kisingizio cha kidole kimoja. Lakini lugha ya mkataba na lugha ya grupe ya kartie ni nguo mbili. Hakuna mtu anayelima na nguo ya ndoa, na hakuna anayeshonewa nguo ya ndoa kwa kuchekwa shambani.

Tufanye nini basi? Ukurasa huu unapendekeza mambo machache yenye kila grupe inaweza kuanza leo jioni.

Ujumbe ukigusa uhai, mali ao jina la mtu, mwenye kuandika ausome tena mara moja kwa sauti kabla ya kuutuma, kana kwamba anamwambia mtoto. Sikio linashika kosa lenye jicho limepitia. Aweke nani, wapi, na tarehe na saa badala ya « leo ».

Mwenye kusoma naye ana kazi. Ukiona sentensi yenye maana mbili, usichukue fimbo na usibonyeze kusambaza. Uliza: « Ameiba ao ameibiwa? » Ulizo hilo halichukui hata sekunde kumi. Jioni ile, kati ya watu zaidi ya mia mbili kwenye grupe, na mimi nilikuwa ndani, hakuna hata mmoja mwenye aliuliza. Mama alikosea herufi moja. Sisi wengine tulikosea kitu kikubwa zaidi, na hakuna mwenye alitucheka.

Kama kuna kosa lenye kubadilisha maana, mrekebishe mtu pembeni, kwenye ujumbe wake mwenyewe, kwa maneno ya adabu: « Mama, nafikiri ulitaka kusema ameibiwa. » Kisha yeye mwenyewe aandike upya mbele ya wote. Kama kosa halibadilishi maana, liache lipite.

Na wakubwa wa grupe, wale wenye kuingiza na kutoa watu, wasifunge macho. Wanatoa mbio mtu mwenye ametuma matangazo ya biashara. Wamwambie pia mwenye kuchukua sentensi ya jirani na kuitembeza mjini kwamba amefanya vibaya.

Yule kijana anaendesha tena pikipiki, si yake, ya mtu mwingine. Namwona asubuhi akipita. Kofia nyekundu aliiacha. Yule mama bado hajarudi kwenye grupe. Nimemwomba mwenye kuiongoza ampigie simu, asimuandikie, ampigie, amwombe msamaha kwa jina la wote na amwambie kwamba tunahitaji habari za avenyi yake, na makosa yake ndani. Mpaka leo naandika mistari hii, hajampigia.